Uungwana wa Udongo

Jiwe la pwani huanza likiwa hai. Mafundi wa zamani wa Pate, Manda na Kilwa walipotaka jiwe la kuchongea kibla cha msikiti, hawakupanda mlima kulitafuta. Waliingia baharini. Maji yakipwa walikata tumbawe bichi, wakalitoa likiwa bado linachuruzika, wakalichonga upesi kwa tezo na patasi. Likiwa bichi ni laini, linakubali nakshi yoyote. Likikaa juani linakuwa gumu, na hapo umechelewa.

Jiwe la kuta za kawaida lilikuwa jingine. Hilo ni tumbawe lililokufa maelfu ya miaka iliyopita, wakati bahari ilikuwa juu kuliko leo, na sasa limelala chini ya udongo mwembamba kandokando ya pwani. Linachimbwa kwa mtaimbo, linavunjwa vipande vya kushikika mkononi, kisha vipande vinaunganishwa kwa chokaa. Na chokaa yenyewe je? Ni tumbawe tena. Unapanga magogo kwa duara, safu juu ya safu, unaweka vipande vya tumbawe juu yake, unatia moto. Kinachobaki unakimwagia maji, kinachemka chenyewe bila moto, halafu unakiacha kipoe kwa wiki na miezi. Kadiri kinavyokaa ndivyo kinavyonata vizuri.

Kwa hivyo ukisimama mbele ya msikiti mkuu wa Gede, au ukitazama picha za Husuni Kubwa kule Kilwa, lile kasri la karne ya 14 lililo juu ya jabali linalotazama bahari, usione mawe tu. Ona na msitu. Kila ukuta mweupe wa pwani ulimeza kuni nyingi kabla haujasimama.

Nimeanza na hesabu ya kuni kwa sababu nataka kukupeleka mahali pasipo na jiwe la kuchimba: Chara, ndani ya delta ya Mto Tana, upande wa Garsen. Fungua vitabu vya shule vya historia ya pwani, Chara huioni. Utaona Lamu, Pate, Gede, Malindi, Mombasa. Yaani utaona kule kwenye magofu. Swali langu ni moja tu. Je, sehemu kama Chara hazimo kwa sababu hapakuwa na kitu, au kwa sababu kilichokuwapo hakikuwa cha mawe?

Nyumba ya mawe ni nusu mti

Hebu tuingie ndani ya nyumba ya zamani ya Lamu. Kitu cha kwanza utakachogundua ni kwamba vyumba ni virefu na vyembamba, utadhani uko kwenye korido. Si kwamba watu wa Lamu walipenda kubanana. Inua macho. Dari limebebwa na boriti za mkoko zilizopangwa sambamba, na juu ya boriti hizo kuna mawe bapa na tabaka zito la chokaa. Mti wa mkoko wenye nguvu ya kubeba uzito huo haufiki mbali. Ukivuka mita tatu hivi kati ya ukuta na ukuta unaanza kuchezea maisha ya waliolala chini. Basi upana wa sebule ya tajiri uliamuliwa na urefu wa mti.

Biashara ya miti hii ina lugha yake mpaka leo. Mwembamba kabisa ni fito. Unaofuata ni pau, kisha mazio, kisha boriti, na mnene zaidi ni nguzo. Inauzwa kwa korija, na korija moja ni miti 20. Mtu asiyejua tofauti ya pau na mazio asitumwe kununua miti, atarudi na aibu.

Na miti hii haikuishia pwani yetu. Ilipakiwa kwenye majahazi ya msimu, ikavushwa hadi Arabuni na Ghuba ya Uajemi, kule ambako jua ni jingi na misitu ni haba. Mwanajiografia al-Istakhri, aliyeandika katika karne ya 10, anaeleza kuwa nyumba za Siraf, bandari tajiri iliyokuwa katika pwani ya Iran ya leo, zilijengwa kwa msaji na kwa miti iliyoletwa kutoka nchi ya Zenj. Nchi ya Zenj ndiyo sisi. Maana yake ni kwamba miaka 1,000 iliyopita kuna mfanyabiashara wa Siraf aliyelala chini ya dari la miti ya Afrika Mashariki, akihesabu faida yake.

Sasa jiulize: miti hiyo ilikatwa na nani? Mikoko haioti kwenye barabara za Lamu. Inaota kwenye matope, kwenye vijito vya visiwani na kwenye midomo ya mito, ukiwemo Tana. Historia inaitaja bandari ulikopakiwa mti na bandari ulikoshushwa. Aliyesimama kiunoni kwenye tope na shoka mkononi hatajwi.

Mto usiotulia

Chimba Chara. Utapata udongo mweusi wa mfinyanzi, chini yake mchanga, chini yake udongo tena. Vyote vililetwa na mto. Tana ndio mto mrefu kuliko yote Kenya, unateremka kutoka Mlima Kenya na Nyandarua kwa mwendo wa kilomita 1,000 hivi, na kila mwaka wa mafuriko unaitandika delta shuka jipya la matope. Ndiyo sababu mpunga unakubali. Ndiyo sababu pia hakuna jiwe.

Halafu mto wenyewe hautulii. Zamani Tana haikuwa ikimwaga maji yake pale Kipini. Kipini palikuwa mdomo wa mto mwingine, Ozi. Katika karne ya 19 mfereji mwembamba uitwao Belezoni uliunganisha mito hiyo miwili, ili mitumbwi ipite na mizigo bila kuzunguka kwa baharini. Kazi ya majembe na mikono. Maji yakaonja njia ile, yakaipenda. Mafuriko yakaupanua mfereji, na mwishowe mto mzima ukahamia kwa jirani. Mkondo wa zamani ukabaki na kiu.

Mahali kama hapo, hebu fikiria wewe ndiwe mjenzi. Unaweza kuagiza mawe kutoka pwani, kwa mtumbwi, kwa gharama ya ajabu. Unaweza kusimamisha jumba la ghorofa mbili juu ya udongo unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Halafu siku moja mto unaamka vibaya na kuhama. Umebaki na jumba zuri sana la kutazama mahali maji yalipokuwa.

Watu wa delta hawakufanya hivyo, na hawakuwa wajinga. Wapokomo, ambao ni wakulima na wavuvi, waliweka vijiji vyao juu ya kingo, zile sehemu zilizoinuka kidogo kando ya mto kwa sababu mto wenyewe ndio uliozijaza. Nyumba zao za zamani zilikuwa za mviringo kama mzinga, zimeezekwa nyasi mpaka chini. Siku hizi nyingi ni za pembe nne na kuta za kiambaza: unasimika nguzo, unafunga fito kwa kulala, unakanyaga udongo na maji mpaka ukubali kushikana, unaujaza katikati ya fito, unauacha ukauke, unausiriba. Juu makuti. Vifaa vyote viko umbali wa kutembea. Ukuta ukipasuka dawa yake iko nje ya mlango.

Waorma, wafugaji wanaoshuka na ng'ombe wao deltani wakati wa kiangazi kufuata maji na majani, walijibu swali lilelile kwa njia nyingine. Nyumba yao ya asili ni vijiti vilivyopindwa kuwa kuba na kufunikwa mikeka na nyasi, na mjenzi wake ni mwanamke. Wakati wa kuhama inavunjwa, inafungwa, inabebwa. Kwa hiyo hawa wanatengeneza nyumba palepale mto unapoibomoa, na wale wanaiondoa kabla mto haujafika. Ni majirani wawili na mto mmoja.

Tusidanganyane lakini. Maji yakisimama wiki mbili, kiambaza kinayeyuka kama sukari. Mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998 yalithibitisha hilo, ya mwishoni mwa 2023 yakarudia, na ya 2024 yakaja kabla watu hawajamaliza kukausha magodoro. Anayebeba udongo na maji ya kujengea upya mara nyingi ni mama yuleyule anayebeba kila kitu kingine. Mchwa nao wanakula nguzo bila kuomba ruhusa. Nyumba ya udongo ina bei yake, na bei hiyo inalipwa kwa jasho kila mara. Ninachokataa ni ule wepesi wa kusema kwamba aliyejenga kwa udongo hakuwa na akili ya kujenga kwa mawe.

Mashimo ya nguzo

Kuna mahali ambapo hoja hii imechimbwa ikaonekana kwa macho. Shanga, kisiwani Pate, ni mji uliohamwa karibu mwaka 1425. Juu ya ardhi unaona mabaki ya msikiti wa Ijumaa wa mawe. Katika miaka ya 1980 mwanaakiolojia Mark Horton na wenzake walichimba chini ya sakafu ya msikiti huo. Wakakuta msikiti mwingine. Chini yake, mwingine. Walipozidi kushuka mawe yaliisha, wakabaki na madoa ya mviringo kwenye udongo, meusi kuliko udongo uliyazunguka. Hayo ni mashimo ya nguzo. Mti ulishaoza zamani sana, lakini shimo lilijaa udongo wa rangi nyingine na kukaa hapo likisubiri mtu mwenye subira. Misikiti ya kwanza ya Shanga, tangu karne ya 8, ilikuwa ya miti, fito na udongo. Mawe yalikuja baadaye, katika karne ya 10, yakakaa juu ya ramani ambayo nguzo zilishachora.

Hilo linabadilisha hadithi. Mji wa mawe haukuteremshwa kutoka kwenye jahazi la mgeni ukiwa tayari. Ulianza kama kijiji cha kiambaza, ukakua, ukapata pesa, kisha ukabadilisha nguo.

Na hata baada ya kubadilisha, wengi hawakubadilisha. Gede ina majumba ya mawe karibu na msikiti na kasri, lakini uwanja mpana ndani ya kuta za mji unaonekana mtupu. Haukuwa mtupu. Mwaka 1999 Jeffrey Fleisher na Adria LaViolette, waliokuwa wakichunguza Pemba, waliandika wakiwahimiza wenzao watafute nyumba za udongo, kwa sababu ndimo wakazi wengi wa pwani walimoishi, na ndizo akiolojia ilizokuwa ikizipita bila salamu. Mtu akichimba jumba la tajiri peke yake, atapata historia ya matajiri, kisha ataiita historia ya watu wote.

Turudi mtoni. Vigae vya vyungu vilivyo vya zamani zaidi katika miji kama Shanga, vyenye michoro ya pembetatu, vimepatikana kuanzia ukanda wa Lamu hadi Komoro na Msumbiji. Wataalamu waliupa mtindo huo jina: mapokeo ya Tana. Ndiyo, Tana hii hii. Vyungu vya aina hiyo vimechimbwa pia Wenje, mbali na bahari, kando ya mto. George Abungu, Mkenya ambaye baadaye aliongoza Makumbusho ya Taifa, aliandika tasnifu yake ya Cambridge kuhusu jambo hili: uhusiano wa jamii za delta na za bonde la Tana kuanzia mwaka 700 hadi 1890. Picha inayojitokeza si ya miji ya mawe iliyoipa bara mgongo. Ni ya mto uliofanya kazi kama barabara, wenye watu wa udongo kwenye ncha moja na watu wa mawe kwenye ncha nyingine, wakipikia vyungu vya aina moja.

Neno lenyewe

Sasa angalia lugha yetu inavyotutega. Leo tukitaka kusema kuhusu Misri ya kale au Ugiriki ya kale tunasema ustaarabu. Ndani ya neno hilo kuna Uarabu. Asili yake ni kufuata mwenendo wa Kiarabu. Lilipanda cheo pwani katika karne ya 19, Waomani walipotawala kutoka Unguja. Kabla ya hapo neno lenye uzito lilikuwa jingine: uungwana. Mwungwana alikuwa mtu wa mji, mwenye kwao, mwenye adabu na nasaba. Tusilipake asali hata hilo, maana upande wa pili wa mwungwana alikuwa mtumwa, na mwenye nyumba ya mawe hakuchimba tumbawe kwa mkono wake.

Karibu na Kipini kuna magofu yanayoitwa Ungwana. Yana misikiti ya mawe, makaburi na mabaki ya nyumba. Wengi wanaamini ndio mji ambao Wareno waliuita Hoja na kuuchoma mwanzoni mwa karne ya 16. James Kirkman, Mwingereza aliyechimba Gede kuanzia 1948, alichimba na Ungwana katika miaka ya 1950, akatoa kitabu chake mwaka 1966. Alifanya kazi nzuri ya kupima na kuchora, hilo tumpe. Ila yeye, kama wengi wa zama zake, aliamini magofu ya pwani ni kazi ya Waarabu na Waajemi waliohamia, na Mwafrika alikuwa pembeni akitazama. Aliona jiwe, akamtafutia mwenyewe ng'ambo. Kilichokuwa chini ya jiwe hakikumshughulisha sana.

Kirkman amekwenda, lakini wazo lake bado linatembea. Watalii wanaambiwa pwani ilijengwa na wageni. Na sisi wenyewe, bila Mwingereza yeyote kutulazimisha, tunaita nyumba ya tofali za saruji "pamanenti" na ya udongo "semi", kama vile aliyemo ndani naye ni wa muda.

Uruk nayo ilikuwa tope

Kama unadhani hii ni huruma ya kutetea wanyonge, vuka bahari kidogo. Mji ambao vitabu vyote vya historia huuanza nao, Uruk, kusini mwa Iraki, ulikuwa na maelfu ya watu zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, na baadhi ya maandishi ya kwanza kabisa duniani yametoka huko. Ulijengwa kwa nini? Tofali za tope, nyingi zikiwa zimekaushwa juani tu. Wasumeri waliishi katika bonde tambarare la mito, bila mawe, bila mbao nzuri, wakaagiza vyote viwili kutoka mbali inavyowezekana. Unaona kinachofanana? Hata mwisho wao una harufu ya Belezoni: Frati ulihama, na leo magofu ya Uruk yako jangwani, mbali na mto uliouzaa mji.

Misri nayo tunaijua kwa mawe. Lakini piramidi ni makaburi. Mafarao walioishi, waliishi kwenye tofali za udongo. Kasri la Amenhotep III pale Malkata, ng'ambo ya Luxor, lilikuwa la udongo uliosiribwa na kupakwa rangi. Jiwe walilitengea miungu na maiti, kwa sababu hao hawahami na hawapanui vyumba mtoto akioa.

Kisha nenda Djenné, Mali. Msikiti mkuu uliopo sasa ulijengwa mwaka 1907, wa udongo mtupu na vijiti vikichomoza ukutani. Kila mwaka mji mzima hutoka kuusiriba upya, vijana wakikimbizana na vikapu vya tope. UNESCO imeuweka Djenné kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 1988. Gede iliingia kwenye orodha hiyo mwaka 2024, na tulisherehekea, haki yetu. Lakini kiambaza cha Tana, teknolojia ileile iliyoizaa Shanga, hakina hata kibao cha barabarani.

Nani alikuwa hapa?

Unaweza kuniuliza: sawa, lakini inamhusu nani? Magofu ni magofu. Nitakujibu kwa neno moja: ardhi.

Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikaa wakaamua ukanda wa Sultani wa Zanzibar kwenye pwani uwe wa maili 10 na uishie Kipini, kwenye mdomo wa Ozi. Hawakumwuliza mtu wa delta. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ikatunga sheria ya hati za ardhi pwani: mwenye dai alete ushahidi, na isiyo na mwenyewe iwe ya Mfalme wa Uingereza. Sasa pima. Katika mchezo huo, mwenye karatasi na ukuta wa mawe anacho cha kumwonyesha hakimu. Mwenye shamba linalofuata maji na nyumba inayorudi kuwa udongo ataonyesha nini? Amekaa pale vizazi na vizazi, lakini makazi yake hayaachi kovu.

Hilo halikuisha na ukoloni. Katika miaka ya 2000 delta ililetewa mipango ya mashamba makubwa ya miwa na mimea ya mafuta, maelfu kwa maelfu ya hekta, na kila mara lugha ilikuwa moja: ardhi isiyotumika. Ukiiangalia kutoka kwenye ndege mwezi wa kiangazi, kweli huoni kitu cha kudumu. Wakazi wakaenda mahakamani. Mwaka 2012 delta ilitambuliwa chini ya Mkataba wa Ramsar kuwa ardhi oevu yenye umuhimu wa kimataifa, jambo jema. Lakini jina hilo linamlinda ndege na mkoko waziwazi kuliko linavyomtaja mtu aliyejifunza kuishi nao.

Mwaka huohuo, Agosti na Septemba, Wapokomo na Waorma waliuana. Zaidi ya watu 100 walikufa, na nyumba za pande zote mbili zikachomwa. Malisho, maji, siasa na bunduki vyote vilikuwamo, na chini yake kulikuwa na lile swali la zamani: nani alikuwa hapa kwanza?

Wanaakiolojia wanajua jambo moja kuhusu kiambaza ambalo ni gumu kulisema. Ukuta wa udongo ukiachwa na mvua unarudi ardhini, hauachi alama kubwa. Nyumba ikiungua, udongo unaiva kama chungu, na alama za fito zinabaki ndani yake kwa karne nyingi. Vipande vya namna hiyo ndivyo vinavyotuambia watu waliishi katika miji yetu ya kale kabla ya mawe. Kwa maneno mengine, njia ya uhakika ya mtu wa udongo kuingia kwenye historia imekuwa ni kuchomewa nyumba. Nadhani tunaweza kumtafutia njia bora.

Njia hiyo haihitaji mabilioni. Akina baba na akina mama wanaojua kusimika, kufunga fito na kusiriba bado wako hai Chara, Ozi na vijiji vya jirani. Wanajua mti upi unamshinda mchwa, udongo wa shimo gani unapasuka na upi haupasuki, mikeka inafungwaje isipeperuke. Wanajua pia kijiji kilikuwa wapi kabla ya mafuriko ya mwaka gani. Hayo yakirekodiwa kwa Kipokomo, Kiorma na Kiswahili, pamoja na ramani ya kingo zilizohamwa, yatakuwa ushahidi ambao hakimu anaweza kuusoma. Wanafunzi wa usanifu wa majengo Nairobi na Mombasa wanafundishwa Roma na Ugiriki. Wapelekwe muhula mmoja Garsen wajifunze kuinua msingi, kukinga nguzo zisiguse maji, kujenga ukuta wa udongo usioyeyuka haraka, badala ya kumwachia mwananchi achague kati ya kiambaza cha jana na kibanda cha mabati kinachooka watu mchana.

Na wewe ukienda Gede likizo ijayo, utapita kwenye ile njia safi katikati ya magofu, utapiga picha msikiti, kasri, kisima. Ukimaliza, geuka uangalie kule ambako hakuna ukuta, kwenye majani na miti kati ya gofu na gofu. Huko ndiko walikolala watu wengi wa mji. Mwulize mwongoza watalii nyumba zao zilikuwa za nini.